Mwalimu Tuseme na Mdogo Wake Askari

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyefundisha chuo kikuu tangu ujana hadi nywele zilipogeuka mvi. Alifundisha fikra za jamii na siasa, zile za kwenye vitabu vya kale. Wanafunzi walimwita Mwalimu Tuseme, maana kila hoja aliianza hivyo. "Tuseme wewe ndiye mfalme. Tuseme watu wako wana njaa. Utafanyaje?"

Mwalimu Tuseme ametutoka Jumamosi iliyopita, baada ya kuugua figo.

Baba yake alikuwa fundi wa lifti. Mama yake alifua mashuka hospitalini. Binti alipochaguliwa kwenda chuo, mzee alitegemea sheria, au angalau uhasibu. Binti akasema anataka kusoma fikra. Mzee akaweka bisibisi mezani.

"Fikra za nani?"

"Za watu wa kale, baba."

"Hao walishafikiri. Wewe utafanya nini?"

Mama ndiye aliyekata shauri. "Mwache asome," alisema. "Mikono ya kazi nyumba hii inayo. Kichwa cha ziada hakitatudhuru."

Basi akasoma. Na alisoma kwa sauti, kwa kuwa bila sauti alikuwa haelewi kitu. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili. Mdogo wake wa kiume, wakati huo yuko kwenye mafunzo ya uaskari, alipiga pasi sare yake kwenye meza hiyohiyo. Apende asipende, alisikia. Kwa nini watu wakubali kutawaliwa? Amri ikiwa mbaya, anayeitii ana lawama?

"Dada," alikuwa akimjibu, huku pasi inakwenda, "askari tukianza kuulizana maswali, mwizi atakuwa ameshafika kwao na amelala."

Walikuwa wakicheka mpaka mama anawagongea ukuta.

Miaka ikapita. Dada akawa mwalimu chuoni palepale. Mdogo wake akaingia kikosi cha kutuliza ghasia. Kisha chuo kikatangaza kwamba somo la dada linafutwa. Sababu waliyotoa: halina ajira. Wanafunzi wakaenda kukaa kwenye ngazi za maktaba, wakawa wanasoma vile vitabu kwa sauti. Mwalimu akakaa nao, ngazi ya chini kabisa, mbele ya wote.

Asubuhi moja wakaja askari. Kofia, ngao, virungu. Na mdogo wake alikuwa mstari wa mbele.

Mmoja wa wanafunzi wale leo naye ni mwalimu, wa sekondari. Amenisimulia: "Amri ilitoka, askari wakapiga hatua. Mmoja hakusogea. Aliinama akalaza kirungu chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Sikujua kwamba yule ni ndugu wa mwalimu."

Wenzake walimpita, wakaendelea na kazi. Mwalimu alivunjika mkono. Somo lilikuja kurudishwa baadaye, likiwa limekonda. Lakini mdogo wake alifukuzwa kazi. Narudia, wasikilizaji: alifukuzwa kazi. Akavuliwa sare, akatolewa kwenye nyumba za askari yeye na mkewe na watoto, akaishia kubeba mifuko ya saruji bohari.

Hapo ndipo Mwalimu Tuseme alipojitwisha mzigo ambao hakuutua tena. Binti yake anasema: "Watu wakimsifu mama kwa ujasiri wa siku ile, alikuwa anainuka anatoka. Tukifika nyumbani ananiambia, vitabu nilisoma mimi, gharama kalipa mjomba wako."

Na wanafunzi wapya aliwaonya kila mwaka: "Chungeni mnapoyasema haya majumbani. Huenda kuna mtu anasikia, na atawaamini."

Yeye na mdogo wake hawakugombana hata mara moja. Walitembeleana, walifarijiana misibani, waliozeshana watoto. Ila habari ya siku ile hakuna aliyeigusa.

Mpaka hospitalini. Mdogo wake alikuja kila saa ya kuona wagonjwa, akakaa mwisho wa kitanda, akamkanda miguu iliyovimba. Ijumaa ile, dada akasema, "Mdogo wangu, nisamehe. Nilikujaza maneno mpaka ukapoteza kazi yako."

Akamjibu, "Dada, maneno yako nilikuwa nimeshayasahau. Nililaza kirungu kwa sababu niliyemwona mbele yangu ni wewe."

 Hapo, anasema binti wa mwalimu, uso wa dada ukachangamka kama yuko darasani.

"Tuseme si mimi. Tuseme ni yule kijana aliyekaa nyuma yangu. Ungempiga?"

Mdogo wake akatazama chini. "Nipe mpaka kesho, nifikirie."

"Haya. Lakini usije na uongo."

Kesho yake alifika, akamkuta nesi anatandika shuka jipya.

Wasikilizaji wapendwa, nilimfuata mdogo wake huyo, ambaye sasa ni mzee, nyumbani kwake. Nilisita, kisha nikamuuliza jibu lake lilikuwa lipi. 

"Ningempiga," aliniambia. "Nililifikiria njia nzima ya kurudi nyumbani, sikupata pa kulikwepa. Ningempiga. Nilitaka dada alisikie kwangu mimi. Asingenifukuza. Angesema, vizuri, sasa tuanzie hapo."

Kwa mzee huyu, kwa binti, kwa wote waliokaa kwenye ngazi zile, tunawapa pole kutoka moyoni. Msiba wenu tumeubeba pamoja nanyi. Mwalimu wetu apumzike kwa amani.

Na wewe unayenisikiliza, uwe jikoni, uwe kazini, jiulize ni nani anayengoja neno lako. Mfuate leo. Hata kama neno lenyewe si zuri, mfuate angali anasikia.