Mtungi Nambari 317

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, Bwana Khaemba mwenyekiti wa ushirika wetu, wakurugenzi, wafanyakazi wenzangu, na ninyi wafugaji mliotoka Endebess alfajiri mkaketishwa kule nyuma karibu na mlango, hamjambo?

Nimepima maziwa kwenye lango la ushirika huu, hapa Kitale, miaka ishirini na sita. Leo nastaafu, na nimesifiwa mpaka nikageuka kutazama ni nani anayesifiwa. Mwenyekiti amesema mimi ndimi uso wa maziwa yetu ya pakiti. Ni kweli. Mtoto wa Bumula asiyejua jina langu anaijua sura yangu, kwa sababu ya ile video ya sekunde kumi na tano: Mama Roselyne anachovya kipimo mtungini, anatikisa kichwa, anamwaga maziwa chini, halafu maandishi yanatokea, "Maziwa ya maji hayapiti hapa!" Muziki, kicheko, kwisha. Imetazamwa mara laki sita. Kwa video hiyo tumefungua duka Bungoma, na wenye maduka wa Chwele wanatutafuta wenyewe. Kazi nzuri, nani atabisha?

Lakini je, kuna aliyewahi kuuliza yale maziwa yalikuwa ya nani?

Nitawaambia. Asubuhi ile maziwa yote yalikuwa mazuri, na Kevin wetu wa matangazo alikuwa amekuja na simu yake na taa yake, anataka mabaya. Akashika mtungi uliokuwa karibu. Nikamwambia huo nimeshaupima, uko sawa. Akacheka: "Si ni kuigiza tu, mathe! Mwaga kidogo, nani atajua?" Nikamwaga. Mkono uliomwaga ni huu.

Ninyi mlioketi mbele labda hamjui, lakini mfugaji yeyote anajua: kila mtungi una nambari ya mwanachama, imepakwa rangi nyekundu ubavuni. Kevin hakuiona. Mimi niliyeisoma kila asubuhi sikuifikiria. Endebess nzima iliisoma: mia tatu kumi na saba. Ni nambari ya Edinah Nanyama, ambaye hajawahi kurudishiwa maziwa hata siku moja.

Wiki hiyo hiyo wakaanza kumwita Mama Maji. Mnajua kwetu kukiwa na matanga, kila boma linapeleka maziwa ya chai. Edinah alipeleka yake kwa jirani aliyefiwa. Jioni akakuta kopo lake pale pale alipoliweka, limefunikwa vile vile, nzi juu ya kifuniko. Akalibeba akarudi nalo nyumbani. Alinieleza mwenyewe, wala hakulia. Mimi ndimi niliyelia, na machozi yangu hayakumsaidia kitu.

Nilikwenda kwa mwenyekiti mara tatu. "Ati tuitoe, Roselyne? Hiyo ndiyo imetufungulia Bungoma, bana." Nikaomba basi tutengeneze nyingine ya kueleza ukweli. Kevin akaniambia kwa upole, kama anayefundisha mtoto, kwamba ukweli wangu ni mrefu, watu wataupita. Nami nikanyamaza miezi kumi na minne, kwa kuwa nilitaka kuondoka kwa amani na kufanyiwa sherehe. Sherehe ndiyo hii. Mnaona aibu yangu ilivyopambwa kwa maputo?

Edinah ameuza ng'ombe wawili. Amebaki na mmoja, na leo amekuja kwa sababu nilimsihi. Simama, mama. Usiogope.

Kevin, naona umeinua simu. Usiishushe. Rekodi hili, ni fupi, watu hawatachoka: mimi Roselyne niliupima mtungi mia tatu kumi na saba, kipimo kikasoma ishirini na tisa, kama maziwa safi yanavyosoma, na hayakuwa na tone la maji. Nilimwaga maziwa mazuri ya Edinah Nanyama, nikijua kwamba ni mazuri.

Bwana Mwenyekiti, ile saa ya ukutani mliyoninunulia ibaki hapo mezani. Sitaipokea wakati video ile bado inachezwa.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Na wewe Edinah, nilikukosea mbele ya watu laki sita, na leo nakuomba msamaha mbele ya hawa mia mbili. Najua idadi hizo hazilingani. Ukikataa, hakuna hapa atakayekulaumu, wala mimi mwenyewe.