Buti Tupu Hadi Lackawanna

Mzee Zenoni Rudasingwa anastaafu leo, tarehe 30 Juni 2016, baada ya miaka tisa katika kiwanda cha kupakia vipuri, Jeffersontown, kando ya Louisville, Marekani. Miaka tisa inaweza kuonekana michache. Lakini alianza akiwa na miaka hamsini na saba, katika nchi mpya, na kazi yenyewe ni ya kusimama. Magoti yake yamechoka, mgongo pia. Yeye mwenyewe husema amechoka, kwa hiyo hatutaficha hilo kwa maneno mazuri.

Alikuwa Mkongo wa kwanza kuajiriwa hapo, na wengi wetu tuliingia kwa mkono wake. Aliyemfundisha kuendesha foklifti, gari la kunyanyulia mizigo, ni Dale, Mmarekani mwenye ndevu nyeupe na maneno machache. Dale alipostaafu na kuhamia kwa binti yake Lackawanna, karibu na Buffalo, alimwachia Mzee Zenoni gari lililokuwa limelala nyuma ya nyumba: Chevelle ya mwaka 1970, injini ya silinda nane, kutu sakafuni na panya ndani ya viti. Dale alidhani anaondoa takataka.

Mzee Zenoni aliona jambo jingine. Kwetu milimani, Kivu Kusini, aliyekupa ng'ombe hasahauliki. Unataja jina lake unaposhtuka au kuapa, na siku moja unampelekea matunda ya zawadi yake ayaone kwa macho. Gari lilikuwa la kahawia nyekundu, akaliita Bihogo, kama ng'ombe wa rangi hiyo. Tangu hapo, kila boksi lilipoanguka kazini, ilisikika: "Dale alinipa ng'ombe!" Msimamizi mmoja alikuja kwa upole kuuliza ng'ombe huyo anafugwa wapi, maana mji una sheria.

Jumamosi zake ziliisha gerejini nyumbani. Alikata bati lililooza akachomelea jipya. Alisafisha kabureta juu ya meza ya jikoni. Alitoa breki za zamani akaweka za diski, akafunga na mikanda ya usalama ya kisasa, kwa sababu anasema gari zuri ni lile linalosimama. Mama Kabanyana, mkewe, alikuwa akimchungulia mlangoni:

"Weye ulioa miye ao ulioa ile chuma?"

Jibu lilitoka chini ya gari: "Bon, weye hauvuji mafuta. Pumzika."

Mwaka jana wawili hao walifunga safari kwenda kwa Dale, na hapo tukakosea sote. Nani kwetu huenda kwa mtu mikono mitupu? Tukajaza buti la gari unga wa muhogo, maharage na vitenge vya binti yake Dale. Walilala njiani, Columbus, mtaa wa Clintonville, kwa binamu yao Adolphine, naye akaongeza gunia la mchele na sufuria ya sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa. "Papa, utafika kwa muzungu bila chakula? Haya!" Springi za nyuma, ambazo Mzee Zenoni hakuzibadilisha kwa kuwa zilionekana nzima, zilivunjika kwa uzito huo kabla ya kona ya kwanza. Bihogo alirudi Louisville amebebwa juu ya lori.

Dale alikuwa amekaa dirishani tangu asubuhi. Mzee Zenoni alimwambia kwenye simu kwamba atajaribu tena mwaka ujao. Dale, ambaye mapafu yake yanazidi kudhoofu, alijibu kwamba mwaka ujao hawezi kuuahidi.

Springi mpya zimefungwa. Jumamosi hii Bihogo anaondoka tena. Dale bado yupo: juzi alipiga simu kuuliza kama injini ingali na sauti yake nzito.

Wageni wetu katika sherehe hii watashangaa kuona meza ya zawadi haina kitu. Si uchoyo. Tumekubaliana hivyo, na haikuwa rahisi. Mama Josiane, mwenzetu wa kiwandani, amerudisha blanketi lake nyumbani mara mbili, na hata sasa tunamwangalia.

Mzee wetu, asante kwa kutufungulia mlango wa kiwanda, na kwa kusimama miaka yote hiyo tukikuegemea. Safiri na buti tupu, ufike. Ukifika, usizime injini haraka. Iache ingurume chini ya dirisha lake. Blanketi litakusubiri hapa, na kiti cha kupumzikia pia.

Imeandikwa na Clémence Muhoza, mwanafunzi wa darasa la kumi, kwa niaba ya wafanyakazi wenzake Mzee Zenoni.