Kitufe Kikubwa Kuliko Vyote

Ndani ya treni ya asubuhi, mkunga alikuwa akijaribu kwenye simu ya kijana programu ambayo Jumatatu ingechukua nafasi ya daftari lake. Kijana mwenyewe, aliyeitengeneza, alikaa ubavuni pake.

"Mwanangu, mbona kitufe cha kufuta ndicho kikubwa kuliko vyote?" "Mama, mimi nakitumia kutwa nzima nikifanya majaribio." "Mimi wajawazito wangu siwafuti." "Utazoea tu."

Fundi viatu aliyeketi nyuma yao, ambaye tangu aanze kazi hajamshonea mteja kiatu kwa kujipima mguu yeye fundi, alikohoa. Hakuna aliyegeuka.

Treni iliposimama, mkunga alimrudishia kijana simu. "Nimeandika wanane humo. Nionyeshe hata mmoja." Akashuka, daftari kwapani.