Bi Editha na Faili la Waliotukataa

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Bi Editha Rwegasira anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Alifika Morogoro kutoka Bukoba mwaka 1992 akiwa karani wa masijala, na anaondoka akiwa Ofisa Uwekezaji Mwandamizi. Katikati hapo amezeesha magari manne ya ofisi na kutuzoesha wadogo zake kunywa kahawa isiyo na sukari.

Ofisi nyingi hutundika ukutani picha za wawekezaji waliokuja. Bi Editha alitunza faili la waliotukataa. Kila kampuni ya kigeni iliyotuacha ikaenda mkoa mwingine aliiandikia, kwa adabu na bila kuchoka, kuuliza imependa nini huko. Ndivyo tulivyojifunza kwamba wageni husikiliza habari za msamaha wa kodi huku macho yao yako dirishani. Wanatazama nguzo za umeme, wanaipima barabara, na wanataka kujua kama lori litapita mvua ikinyesha.

Barua moja katika faili hilo ilimuumiza. Mwaka 2016 kampuni ya viungo kutoka Uholanzi ilikagua mashamba ya Mkuyuni, hapa mkoani kwetu, ikasifu mdalasini na pilipili manga, kisha ikajenga kwingine kwa sababu ya korongo moja linalokata njia kila masika. Bi Mwanvita Said, mkulima wa pale, alikuwa ameshang'oa mihogo yake yote na kupanda pilipili manga kwa kumwamini Bi Editha. Wengine tungepiga simu. Yeye alikwenda mwenyewe kumsomea barua ile. Bi Mwanvita alisikiliza hadi mwisho, akaingia ndani, na kwa karibu miaka kumi hakuitikia salamu ya Bi Editha. Iliniuma sana. Nilimshauri Bi Editha aachane na jambo hilo. Akanipa barua ya kuomba daraja nimchapie.

Tuliiandika mara kumi na tisa. Daraja lilipokamilika, aliwaalika Waholanzi wale wale warudi, tena mwezi Aprili, mvua ikimwagika. Wote tulidhani uzee umeanza kumwingia. Magari yalivuka. Kiwanda kilianza kazi Februari mwaka huu, na mzigo wa kwanza kupokelewa ulikuwa wa Bi Mwanvita.

Wiki iliyofuata Bi Mwanvita alikuja ofisini bila miadi, akatangaza mbele yetu kwamba amekuja kumsalimia dada yake. Kisha akasema wazee wa ukoo wa mama yake, wenye ardhi ile, wamekubali Bi Editha apewe mahali pa kujenga, karibu na chemchemi. Bi Editha, aliyetumia ujana wake kuwashawishi watu waichague Morogoro, alilia palepale. Alikubali bila kuuliza habari za umeme, barabara wala msamaha wa kodi.

Dada Editha, asante kwa kutulea. Tunakutakia afya njema na miaka mingi huko Mkuyuni, walikokuchagua.

Evance Mdoe, kwa niaba ya wenzake