Chai kwa Mzee Elmi

Kwenye gari ya Laare, ndoo ya Leylo ilikuwa imekaa karibu na magoti ya Kasim mwenye bucha, na harufu ya dawa ya kusafishia ikampa haki ya kuuliza.

"Mama, ni wewe unaosha kwa Mzee Elmi? Panya wanalala mezani! Toa kila kitu, choma."

"Sichomi. Naanza na vikombe viwili, tunakunywa chai na yeye."

"Humo ndani?" Kasim akauliza, yeye ambaye buchani hupangusa kisu kwa aproni.

"Tangu bibi yake afariki, hakuna mtu amekunywa kwake. Nikiogopa kikombe, ataniachaje nishike nguo za bibi yake?"

"Na akikataa kufungua?"

Gari ikasimama. Leylo akashuka na ndoo yake.

"Nitachemshia chai hapo mlangoni kwake. Makaa nimebeba."