Bwana Alinifungua Koo, Mama Kulwa Akalala

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe yeye anayetuvutisha pumzi bure usiku na mchana, nasi hata asante hatusemi!

Mimi ni Baba Kulwa. Watu wa Segese mnanijua, wa Bugarama mnanijua, na wewe wa Kahama mjini, kama hunijui mimi basi unaijua nyumba yangu ya Nyahanga, ile yenye simba wawili getini. Mchungaji aliniomba nisimame madhabahuni nishuhudie. Nikamwambia, Mchungaji, mimi nikishika kipaza sauti ibada haitaisha, acha niandike watu wasome. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta neno limekaa upande, lisogezeni wenyewe.

Ndugu zangu, nitasema nilivyo, maana ushuhuda si mahali pa unyenyekevu wa uongo. Mimi nimetoka kwa baba yangu na jembe na ndala, tena ndala moja imeshonwa kwa waya. Nilianza kwa kubeba mawe ya watu kwenye viroba. Leo nina maduara yangu mwenyewe, yale mashimo ya dhahabu, nina karasha la kusagia mawe, na nina mabloa. Asiyejua bloa, ni mashine inayosukuma hewa chini kwa mpira mrefu ili mchimbaji apumue huko kwenye mwamba. Nenda ukanda wote huu mpaka Geita, uliza duara la Baba Kulwa likoje. Watakwambia, chini kule kuna hewa kama uko juu ya kilima. Hakuna mama aliyelia kwa sababu mwanawe alikosa hewa kwangu. Hilo ni la Mungu, lakini na mimi nilikuwa mkali.

Sasa sikieni. Mtu huyo aliyewapa wenzake hewa, yeye mwenyewe alikuwa hana!

Nilikuwa nakoroma. Si kukoroma kwenu huku kwa kupuliza kama paka. Wachimbaji wangu waliniita Karasha. Nikijilaza kivulini baada ya chakula, nasikia wanacheka: "Haya jamani, Karasha limewashwa, leteni mawe!" Na mimi nilijivunia. Nilikuwa nawaambia, mwenye madeni halali, mimi nakoroma kwa sababu nimeshiba na sidaiwi na mtu. Tumbo nalo lilikuwa limenitangulia, shingo imekuwa nene kama ya fahali, nikaona ndiyo heshima ya tajiri.

Lakini yaliyofuata hayakuwa heshima. Nilianza kushtuka usiku kama mtu aliyetoka kuzama. Koo limekabwa, macho yamenitoka, jasho chapachapa. Na moyo, ndugu zangu! Moyo ulikuwa unamisi kama injini yenye plagi chafu. Unapiga mara tatu haraka, unanyamaza, unarukia kifuani kama chura, unanyamaza tena. Asubuhi naamka nimechoka kuliko nilivyolala, kichwa kizito. Nikikaa kwenye kiti nasinzia. Nikisikiliza mahubiri nasinzia, Mchungaji anisamehe. Nilimpa dereva gari langu siku niliyojikuta nimeegesha kwenye shamba la pamba la watu, sijui nimefikaje.

Nikasema hili ni jinamizi. Nikasema, hawa ni watu wa wivu, mali imewauma, wananikaba usiku. Mnajua kwetu hapa mtu akipata dhahabu na akapata na ugonjwa, jina la mchawi linapatikana kabla ya jina la ugonjwa. Rafiki zangu walinishauri niende kwa mtaalamu mmoja huko porini. Mama Kulwa, mke wangu, akasimama mlangoni akasema, "Baba Kulwa, ukienda kule, utanikuta kwa mama yangu." Sikwenda. Tuliomba, tukafunga, na wazee wa kanisa walikuja wakanipaka mafuta. Wapendwa, msije mkasema maombi yale hayakujibiwa. Yalijibiwa, ila jibu lilipita njia ambayo sikuitazamia. Lilipita kwenye posa ya mwanangu.

Binti yetu Kulwa alipata mchumba, kijana mzuri, mwalimu, wazazi wake wafugaji upande wa Geita. Siku ya kuja kuzungumza mahari wakaja wazee watano na mshenga wao, mzee mrefu mwenye kofia ya pama, maneno yake matamu kama asali. Wanaume tuko uani chini ya turubai, wanawake wako ndani na masufuria yao, kama ilivyo desturi. Nilikuwa nimevaa suti. Nilikuwa nimepanga kuwabana, maana Kulwa nimemsomesha hadi chuo, mimi wa darasa la nne!

Mshenga akaanza. Akasifu nyumba, akasifu ukoo, akazunguka kama mtu anayeswaga ng'ombe mgeni. Lile joto la mchana, ile sauti yake ya asali, mimi macho yakaanza kuwa mazito. Akataja ng'ombe wao, wachache kweli, nasikia kwa mbali kama ndotoni. Akamalizia, "Basi mzee wetu, baba mwenye mtoto, je, ombi letu umelipokea?"

Na mimi nikajibu, "Hhhmmmrrr."

"Kakubali!" mshenga akapaza sauti. "Jamani, baba mwenyewe kakubali!"

Huko ndani wanawake wakapiga vigelegele. Binti yangu kaolewa kwa koromo!

Kumbe baada ya koromo lile nikanyamaza. Kidevu kifuani, kimya, kifua hakipandi. Haya nasimuliwa. Wazee wakadhani natafakari. Halafu nikashtuka kwa mkoromo mmoja mkubwa, nikaruka na kiti, mimi na suti yangu na soda tukaenda chini. Mmoja wa wazee wao akacheka. Lakini yule mshenga uso ukambadilika. Akavaa kofia yake, akasema, "Kumbe mzee alikuwa amelala! Sisi tunataja ng'ombe, yeye amelala! Tajiri wa Segese ametulalia wageni wake. Twendeni, hapa tumedharauliwa."

Wakasimama. Nilitaka kusema, ulimi mzito, moyo unaruka, nimeshika kifua. Niliona ndoa ya mwanangu inatoka getini kati ya simba wawili.

Hapo ndipo Mama Kulwa akatoka ndani. Ndugu zangu, mke wangu ni Msukuma wa kweli, mbele ya wageni wanaume hupiga magoti akisalimia, sauti yake huisikii. Siku ile alipiga magoti, akasema "Mwadila", salamu yetu ya mchana, kwa heshima yote, halafu akabaki pale pale chini akasema:

"Baba zangu, msiondoke na hasira. Huyu hakuwadharau. Huyu kila usiku anakufa. Anakata pumzi, nahesabu moyoni, namtikisa, anarudi. Akirudi analala tena, na tena anakata. Mimi silali. Naweka mkono kifuani pake mpaka jogoo awike, kwa sababu nikisinzia mimi, nani atamwamsha?"

Nilimtazama mke wangu kama namuona mara ya kwanza. Nilikuwa nimeona anakonda. Nilikuwa nimeona macho yake yameingia ndani, nikamnunulia vitenge, nikadhani vitenge vinatibu. Kumbe mwanamke huyu amekuwa mlinzi wa pumzi yangu, hakuniambia, hakulalamika, mchana anapika, anauza dukani, anasema "Umeamkaje Baba Kulwa?" na mimi najibu vibaya kwa sababu kichwa kinauma!

Yule mshenga akavua kofia. Akasema, "Mayu, mama yetu, simama. Ng'ombe watasubiri. Mpeleke mzee hospitali."

Tukaenda Mwanza, hospitali kubwa. Tulipokelewa na daktari, binti mdogo tu, angeweza kuwa Kulwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Moyo wangu una wivu wa watu."

Hakucheka. Akageuka kwa mke wangu, "Mama, akilala anakuwaje?" Mama Kulwa akaeleza yote, akalia. Mimi nikatazama ukutani.

Walinipima moyo kwa waya, wakanilaza usiku na waya nyingine kichwani na kidoleni, na mpira mdogo puani, mashine ikisoma usingizi wangu. Asubuhi daktari akaniambia kwa Kiswahili chepesi. Nikilala, nyama za koo zinalegea, koo linaziba. Hewa ikikatika, damu inakosa hewa, na moyo unahangaika kutafuta, ndiyo maana mapigo yanapoteza mpangilio. Ukiacha hivyo, damu inaweza kuganda moyoni ikapanda kichwani, ukapata kiharusi. Akanipa dawa za moyo na damu, akaniambia nipunguze uzito. Halafu akaleta mashine ndogo, kama redio, na mpira, na kibarakoa cha kufunika pua. Inasukuma hewa taratibu usiku kucha, koo lisizibe.

Wapendwa, nilikataa. Mimi! Mnajua kwetu mtu akionekana na mpira puani, ndugu wanaanza kuulizana nani ana turubai la msiba. Nikasema watu wataniona marehemu. Na mzee mmoja wa kanisa, simtaji, akanitia neno: "Ukivaa mashine, imani yako umeiweka wapi?" Nikaipeleka mashine nyumbani kwa sababu nilishailipia, nikaiweka juu ya kabati. Usiku nikalala kama zamani. Na Mama Kulwa akakaa kama zamani, mkono kifuani.

Asubuhi akaniletea chai, akakaa kitandani pembeni yangu, akaniuliza kwa upole, kama mtoto anayeuliza jambo dogo.

"Baba Kulwa, duarani unamshusha mtu bila bloa?"

"Siwezi! Atakufa."

"Hata kama ana imani?"

"Hata kama ni askofu!"

"Na akikataa mpira wa hewa kwa sababu watu watamcheka?"

"Namfukuza kazi siku hiyo hiyo."

Akanyoosha mkono akanigusa hapa kooni, akasema, "Mume wangu, na hapa kuna duara. Limeziba. Mungu amekuletea bloa ndogo, umeiweka juu ya kabati."

Ndugu zangu, nililia! Mimi Baba Kulwa, niliyeingia mashimo ambayo wenzangu waliyakimbia, nililia mbele ya kikombe cha chai. Maana nilielewa kwa lugha yangu. Daktari alinieleza, nikasikia. Mke wangu alinieleza, nikaelewa. Bwana akitaka kusema na mchimbaji, anajua maneno ya mchimbaji!

Sitawadanganya kwamba usiku ule ule nililala kama malaika. Barakoa ilivuja, ikanipuliza machoni. Niliivuta nikaitupa, Mama Kulwa akaiokota, akaifuta, akanivalisha tena, akakaza mikanda kama anamfunga mtoto kofia ya baridi. Umeme ukikatika nashtuka, nikanunua betri kubwa na sola, na hiyo sola, niseme tu, inawasha hadi kwa jirani. Jirani mwenyewe, kwa shukrani, akaeneza habari kwamba Baba Kulwa amefunga karasha chumbani, anasaga dhahabu usiku kwa siri! Nikamkaribisha ndani akaiona. Akaiangalia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama inafaa na kwa baba yake, maana naye anakoroma halafu ananyamaza. Nikampa njia ya hospitali.

Taratibu kichwa kikawa chepesi. Nikasikiliza mahubiri mpaka mwisho, Mchungaji ni shahidi. Moyo bado unapimwa na dawa nameza, daktari amenikataza kuziacha, na mimi natii. Lakini lile chura la usiku limetulia sana. Wazee wa Geita walirudi, nikawapokea nikiwa macho kabisa, na ng'ombe waliongezeka, asifiwe Bwana!

Ila muujiza wangu hasa haukuwa huo. Asubuhi moja niliamka kumekucha kabisa, jua limeingia dirishani, mashine inanong'ona. Nikavua barakoa. Nikasikia sauti chumbani. Nikashtuka, nikadhani imeharibika. Nikasikiliza vizuri: "Hhrrr... pfff." Ni Mama Kulwa! Mama Kulwa wangu anakoroma! Kamkoromo kadogo, mdomo wazi, mkono umeanguka pembeni, haupo tena kifuani pangu. Miaka yote ya ndoa yetu nilikuwa sijui kama mke wangu anakoroma, maana siku zote nilimtangulia kulala, naye akanitangulia kuamka.

Nilitoka kwa ncha za vidole. Nikawasha jiko mwenyewe, nikapika uji, ukashika chini. Mteja akaja dukani anaita "Mama Kulwa! Mama Kulwa!" nikamkimbilia, nikamfanyia ishara ya kidole mdomoni. "Amelala," nikamwambia. Alinishangaa kwa nini nalia kwa neno dogo vile.

Basi wewe unayesoma, mume au mke, kama mwenzako anakoroma, ananyamaza, anashtuka anatafuta hewa, usimtafute mchawi. Mshike mkono, nendeni hospitali. Na ukipewa mashine usiione aibu. Mtumaini Yesu, na uivae! Aliyekupa mapafu hachukii ukiyapelekea hewa. Asiyemjua Bwana huyu, mlango wangu uko wazi, njoo tuombe pamoja, simba wa getini ni wa saruji, hawang'ati.

Wabeja sana, asante Bwana wangu, kwa pumzi, na kwa mwanamke uliyemkesheza kwa ajili yangu. Ninaandika haya mchana, yeye amejilaza hapa kwenye mkeka, kitenge kimemfunika miguu. Wapendwa, mseme Amina. Lakini polepole, polepole jamani, mama anapumzika.