Mgongo wa Wamalwa Opicho, 1956–1997

Waombolezaji wapendwa, wa hapa Mowlem na mliotoka Mukuru kwa Reuben, familia imeagiza historia hii isomwe yote, hata yale ambayo mmoja wa waliokaa viti vya mbele angependa tuyazike pamoja na marehemu.

Wamalwa Opicho alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, Kimilili, akasoma huko hadi darasa la saba, akaja Nairobi Januari 1976 na kuajiriwa katika kiwanda cha masufuria, alikosimama miaka ishirini kwenye meza ya kung'arisha, na kwa urefu aliokuwa nao, meza ile ilimfika mapajani tu, akawa anafanya kazi ameinama. Tarehe 18 Desemba 1982 alifunga ndoa kanisani na Annah, wakajaliwa Griffins, 1984, na Mitchelle, 1988.

Tarehe 9 Februari 1994, wafanyakazi wakiwa wamelalamikia migongo, kiwanda kilileta mtaalamu wa kompyuta, akambandika Wamalwa vipande vya plasta nyeupe begani, kiunoni na magotini, akampiga picha akifanya kazi, ili kompyuta iuchore mwili wake kwa mistari na kupima unavyopinda. Asubuhi hiyo meneja, Bwana Muthama, alikuwa ameamuru meza iinuliwe kwa matofali, basi kompyuta ikachora mtu aliyenyooka, asiye na shida yoyote, na mtaalamu alipoondoka tu, Wamalwa mwenyewe akaagizwa ayatoe yale matofali, naye akainama akayatoa.

Maumivu yalianza Mei 1995, miguu ikafa ganzi, na tarehe 4 Novemba 1996 akafutwa kazi kwa barua iliyoambatishwa mchoro ule, ikisema anajisingizia ugonjwa. Barua hiyo ilimuuma kuliko mgongo, akamwambia Annah kwamba yuko tayari kufa kilema, lakini si kufa mwongo. Alilala kitandani miezi saba, vidonda vya kulala vikaingia sumu, akafariki tarehe 11 Juni 1997, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliomgeuza kitandani kwa zamu, na wenzake wa kazini, hasa Mativo, aliyeyabeba matofali yale kwa mikono yake asubuhi ile meza ilipoinuliwa, na ambaye Jumanne hii ameapa hivyo mbele ya wakili, akijua kibarua chake kimeota nyasi. Bwana Muthama naye tunamshukuru kwa kufika, ila jina lake tumelifuta kwenye ratiba, hotuba aliyokuja nayo aiweke hadi tarehe 21 Julai, kesi tuliyomfungulia itakaposikizwa mahakamani, ambako sote tutakuwa tumekaa tukimtazama, na akitaka kuondoka sasa, ruhusa anayo, lakini atapita mbele ya jeneza, kwa sababu njia nyingine hakuna.

Wamalwa, wewe pumzika kwa amani, sisi bado.